Nilichora daraja la juu la mtaa wetu, nikaficha picha moja

Wakuu, habari za huko mliko.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo nauacha ulivyo. Sijaongeza chumvi. Pale nilipojificha nawaambia mapema kwamba nimejificha: jina la mtaa sitaji, la ofisi sitaji, na majina ya watu nimebadilisha. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea.

Kilichonisukuma ni mdau mmoja aliyeweka humu picha za treni ya juu inayopangwa kwenye jiji lao. Anga ya bluu, nguzo nyembamba, miti ya kijani, watu wanapita chini wakicheka. Comments zikawa "tunapaa", "hatushikiki".

Mimi niliitazama ile picha nikaanza kutafuta kivuli. Hakikuwepo.

Najua kwa nini hakikuwepo, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, Congo. Wazazi walitoka Kasai, mimi nimezaliwa hapahapa. Kiswahili hiki ninachoandika nimejifunza shuleni na humu jukwaani. Nyumbani tunaongea cha kwetu, kimechanganyika na Kifaransa, na mtu nitakayemnukuu nitamwacha aongee anavyoongea. Mkisikia "ba" jueni ni "wa", mtaelewa tu.

Nachora kwa kompyuta. Unaniletea ramani ya kitu ambacho hakijajengwa, mimi nakutolea picha kama vile mpiga picha alisimama mbele yake jana. Render. Kwenye ofisi niliyokuwa, wahandisi walikuwa na mahesabu yao, mimi nilikuwa wa kufanya watu waone.

Sasa mtaa wetu.

Reli inaukata katikati. Pale barabara inapovuka reli ndipo maisha yetu yalipokuwa yanasimama. Treni la mizigo linakuja taratibu, linasimama, linarudi nyuma kuunganisha mabehewa, linaenda tena mbele. Foleni inafika sokoni. Wanafunzi wanajipenyeza chini ya mabehewa na madaftari mkononi, na hakuna mzazi ambaye hajawahi kupiga kelele pale.

Kwa hiyo iliposikika kwamba litajengwa daraja la juu, sisi tunaita saut-de-mouton, watu walifurahi kweli. Treni lipite chini, magari yapite juu, na mabasi makubwa yawe na njia yao hukohuko juu pamoja na kituo, abiria wapande kwa ngazi.

Ofisi yetu ikapewa kazi ya kuandaa michoro. Ilikuwa miwili.

Wa kwanza, daraja lipite juu ya avenue yetu yenyewe, sambamba na nyumba, hatua kama kumi na mbili kutoka milangoni. Mfupi, rahisi.

Wa pili, daraja lipinde kidogo lipite juu ya uwanja wa depo ya zamani ambako haishi mtu. Mrefu zaidi, na kazi ingechukua muda zaidi.

Wakubwa walitaka wa kwanza. Lakini lazima kwanza wakazi waonyeshwe na wakubali kwenye mkutano. Ndipo nilipoingia mimi.

Chef, yaani bosi wangu, aliniambia nitoe picha tatu. Moja ya kutoka juu, kama unavyoona ukiwa ndege. Moja ya kutoka kona ya avenue. Na moja ya kutoka mlangoni kwa mkazi, "ili waone kwamba tumewafikiria".

(Hapa nicheke kidogo. Zile software zinakuja na watu wao tayari, unawabandika tu kwenye picha. Wengi ni Wazungu wa makoti. Niliwafuta mmoja mmoja nikabandika mama zetu wa vitenge. Mmoja alinipita: yule Mzungu wa baiskeli mwenye kofia ya plastiki. Mpaka leo yuko kwenye picha rasmi, anaendesha baiskeli chini ya daraja la mtaa wetu.)

Kwa picha ya tatu nilihitaji mlango. Nikamfikiria Mama Zaituni.

Mama Zaituni ni jirani wa mama yangu, nyumba zimepeana migongo. Ukoo wao ni Waislamu waliotoka Maniema, wako Lubumbashi tangu babu yake. Mumewe alishafariki, watoto wameolewa. Yeye anadarizi kofia na shingo za kanzu. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mkono mtupu, bila mashine. Mabwana harusi wa mjini wengi wamevaa sindano yake.

Kila asubuhi kuanzia saa moja alikuwa barzani, kibaraza cha mbele ya mlango wake, kwenye kiti kifupi, uso umeelekea jua. Jua lilimjia moja kwa moja kupitia juu ya reli, hakuna cha kulizuia, mpaka saa tano hivi linapopanda juu ya paa. Hayo masaa manne ndiyo yalikuwa siku yake ya kazi. Mchana alipika, alipumzika, aliswali. Sindano hakuigusa tena.

Nilifika na kamera. Akanikaribisha niketi.

"Kuya, ikala. Foto ni ya nini?"

"Ni ya daraja, mama. Nataka kuona vile we uko unaona wakati uko unaikala hapa."

"Mi niko naona nini? Niko naona ile miti, niko naona reli, niko naona mvua kabla haijafika." Akacheka. "Ndiyo maana nguo zangu hazinyeshewi."

Nikamwomba niketi kwenye kiti chake. Nikapiga picha kutoka urefu wa macho yake akiwa ameketi.

Nikamuuliza kama daraja analitaka. Akaweka kitambaa mapajani.

"Papa Zaituni, siku tumbo ilimushika, motokari ilisimama pale ku reli. Treni ilienda, ikarudi, ikaenda tena. Mi nilikuwa namushika kichwa. Tulifika ku hospitali, lakini alikuwa amechoka sana. Hiyo daraja baijenge, mutoto yangu. Baijenge hata kesho."

Halafu akaniuliza kitu kimoja.

"Lakini mi, ku mulango yangu, nitaona nini?"

Nikamjibu, "Nitakuonyesha, mama. Ndiyo maana nilikuya."

Nikarudi ofisini, nikaiweka ile picha kwenye kompyuta, nikapandisha daraja juu yake kwa vipimo vya kweli. Nikaweka saa. Kwenye hizo software unachagua siku na saa, jua linakaa pale linapokaa kwa kweli. Nikachagua saa mbili asubuhi, saa yake ya kazi.

Picha ilipomaliza kujitengeneza nilisukuma kiti nyuma.

Kutoka kwenye kile kiti kifupi hakukuwa na anga. Kulikuwa na tumbo la zege kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, nguzo mbili mbele ya geti, na giza la kijivu limejaa barza mpaka ndani mlangoni. Reli haikuonekana. Miti haikuwepo, kwa sababu nguzo zilikaa palepale ilipokuwa mizizi yake.

Nilidhani nimekosea. Nikapima upya. Sikukosea.

Nikampelekea chef. Na niwaambie, chef wangu hakuwa mtu mbaya. Mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Labda angenifokea ningekataa.

Aliitazama. Akauliza:

"Hii ni kwa nani?"

"Kwa mama mumoja, jirani yetu. Anafanya kazi pale ku barza."

"Iko juste, vipimo iko sawa. Kazi muzuri. Lakini juu ya nini umemuweka muntu chini kwa kiti? Bantu banasimama, banatembea. Na juu ya nini asubuhi? Weka saa sita."

"Saa sita jua iko juu, chef. Kivuli kinaingia chini ya daraja, hakionekani."

"Voilà," akasema. Akanirudishia laptop taratibu. "Bataona hii, bataomba mupango ya pili, tutaanza tena kila kitu. Hatuitupe. Tuiweke tu kando."

Akaongeza kwamba mkutanoni nitaeleza mimi, kwa kuwa ni mtaa wa kwetu na watu wananijua. Na kwamba mkataba wangu wa kudumu ungesainiwa mwisho wa mwezi.

Wakuu, sikulazimishwa. Naomba hilo lieleweke. Niliambiwa "tuiweke kando" na mkono wangu mwenyewe ukaihamisha kwenye folda nyingine. Nikageuza zile mbili zilizobaki kwenye saa sita mchana. Na kwenye ile ya kona nikarudishia miti yote ya jakaranda, imechanua zambarau, kama vile nguzo hazina haja ya kusimama mahali.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, darasani, picha zikirushwa ukutani. Mama yangu alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha sikukuu kwa sababu mtoto wake anaongea.

Nilipotoa picha ya kwanza darasa zima lilisema "eeeh!" Kulikuwa na daraja jeupe limenyooka vizuri, basi juu, miti chini, mama zetu wanatembea. Mzee mmoja akasema tutakuwa kama Kinshasa, watu wakacheka, mwingine akasema Kinshasa watakuja kwetu kuangalia.

Baba mmoja wa duka la chumvi na samaki wa Pweto akauliza kuhusu mchoro wa pili, ule wa depo. Chef akajibu kwamba upo, unawezekana, ila utachukua muda mrefu. Minong'ono ikaanza. Nikaona wengine wanageukiana. Kama pangepita dakika tano bila mtu kusema kitu, nadhani wangeuchagua.

Ndipo Mama Zaituni akasimama. Watu wakageuka, maana yeye si mtu wa kusimama mikutanoni.

"Mutoto yangu, na ile foto ulipiga kwangu ku barza, iko wapi?"

Ilikuwa kwenye laptop iliyokuwa mbele yangu. Folda moja nyuma. Nilihitaji kubonyeza mara mbili.

Nikasema, "Haikutoka muzuri, mama. Kulikuwa mwangaza mingi, foto iliungua."

Hayo ndiyo maneno yangu, herufi kwa herufi. Mwangaza mingi.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Haya, mutoto yangu. Kama we umeona, basi." Akakaa.

Na mama yangu, bila kuombwa na mtu, akasimama akageukia watu. "Huyu mutoto mi ndiyo nilimuzaa. Amekomalia hapa, mu macho yenu. Kama kuko kintu kibaya, angetuambia. Angemudanganya Mama Zaituni?"

Watu wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa kwa mchoro wa kwanza. Wa Mama Zaituni nao.

Mkataba ukasainiwa kama nilivyoahidiwa. Nikahamia karibu na kazini, mtaani nikawa naenda Jumapili.

Sasa mtaniuliza, je, michoro ilikuwa ya uongo? Hapana, na ndiyo maana ni vigumu kwangu hata kujishtaki. Unene wa nguzo ulikuwa sahihi. Kimo sahihi. Umbali sahihi. Mhandisi yeyote angekagua asingepata kosa, ukiacha ile miti. Nilichofanya ni kuchagua pa kusimama, na kuchagua saa.

Miti ilikatwa kwanza. Kwa wasioijua Lubumbashi, jakaranda kwetu ikichanua barabara nzima inakuwa zambarau, juu na chini. Ilikatwa ikiwa na maua. Watoto waliokota matawi wakafanya mafagio. Jumapili moja mama yangu aliniuliza mbona kwenye picha miti ilikuwepo, nikamwambia itapandwa mingine. Haijapandwa. Ingepandwa wapi?

Zikafuata nguzo. Hapo bado watu walikuwa wanapiga selfie.

Mihimili ilipandishwa mwezi wa sita. Kwetu huo ni msimu wa baridi, asubuhi mtu hutoka nje kuota jua kabla ya kitu kingine chochote. Mama alinisimulia kwamba siku walipofunga mhimili wa mbele ya nyumba ya Mama Zaituni, yeye alitoka saa moja kama kawaida, akaketi, akasubiri jua. Akasubiri mpaka saa tatu. Kisha akabeba kiti akaingia ndani.

Akajaribu uani, karibu na jikoni. Lakini uani kuna mbabula, jiko la makaa, na moshi hauna adabu mbele ya kitambaa cheupe. Akajaribu taa ya umeme. Umeme wetu mnaujua kwa kusikia, unakuja unapotaka, na hata ukiwepo, uzi mweupe juu ya cheupe chini ya taa ni kama kuandika kwa maji.

Kuna kofia moja aliimaliza hivyohivyo, ya bwana harusi. Siku ya harusi wakatoka wote kwenye jua, akamtazama bwana harusi kichwani, akaona mistari miwili ya maua haikukutana. Hakuna mwingine aliyeona. Wiki iliyofuata akaenda kuiomba ile kofia irudi. Akaifumua yote kwa mkasi mdogo. Baada ya hapo hakupokea kazi tena.

Mama yangu alinieleza hayo miaka imeshapita, tukiwa tunakula, kama habari za mtaa tu. "Mama Zaituni ameacha kudarizi. Anasema macho." Mimi nikaweka kijiko chini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake na laptop.

Alinipokea sebuleni, mlango wazi, na bado alilazimika kuwasha taa ili anione. Juu yetu basi lilipita, vikombe vikagongana kabatini. Akanimiminia chai. Nikamwambia nina kitu cha kumwonyesha, nikafungua ile picha.

Akainama karibu. Akavaa miwani. Akaangalia, akageuza kichwa akatazama nje mlangoni, akarudi kwenye picha.

"Hii umeifanya leo?"

"Hapana, mama. Niliifanya kabla ya mukutano."

Akaligusa lile giza la kwenye picha kwa kidole.

"Kumbe haikuungua."

"Haikuungua, mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Anifukuze, alie, anilaani, aite majirani. Alivua miwani akaikunja.

"Miaka yote hii niko nasema ni macho yangu," akasema. "Nilienda ku munganga wa macho mara mbili. Akaniambia macho iko muzuri. Nikasema anadanganya."

Nikaanza kueleza habari za chef, za mkataba. Akainua mkono.

"Sikia. Kama ulinionyesha, labda tungesema baipeleke kule ku depo. Labda hapana. Juu ya Papa Zaituni, mi labda ningekubali tu, na kivuli yake. Sijui. Na sasa hatutajua. Lakini ingekuwa ni mi mwenye kukubali. We ulikubali mu fasi yangu."

Nikafunga laptop.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Nikainywa yote, wakuu, na yeye akakaa anisubiri nimalize, kama mgeni mwingine yeyote. Hiyo chai ilikuwa ngumu kushuka kuliko kufukuzwa.

Nikapita upande wa pili nikamwambia mama yangu. Alikuwa anachambua sombe, kisamvu chetu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Nilisimama mbele ya bantu juu yako," akasema. Basi. Karibu miezi miwili alinipakulia chakula na kwenda kukaa nje.

Nilijaribu kutengeneza. Niliiandikia ofisi, naomba angalau tumbo la daraja lipakwe rangi nyeupe na ziwekwe taa. Chef akanijibu kwa upole, kama kawaida yake, kwamba mradi umeshakabidhiwa. Nikanunua rangi mwenyewe. Jumamosi mbili nilipaka barza ya Mama Zaituni, ukuta na dari, na yeye alikubali nifanye. Mwanga uliongezeka. Uliongezeka wa kutosha kuchagua maharage. Wa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, hapana.

Mwaka jana binti yake anayeishi Sakania, kule mpakani, alikuja kumchukua kwa likizo. Likizo ikawa ndefu. Kisha tukaona nyumba ina mpangaji.

Mpangaji ni fundi simu. Anawasha taa ya betri kuanzia asubuhi na hana shida. Anasema mahali ni pazuri mno, abiria wanaoshuka ngazi za kituo wanamwangukia mlangoni.

Na ni lazima nilitendee haki daraja. Linafanya kazi. Wagonjwa wanafika hospitali. Wanafunzi hawapiti tena chini ya mabehewa. Mama yangu anafika sokoni kwa muda ambao zamani alikuwa bado anasubiri treni lirudi nyuma. Mtu akija kuniambia libomolewe nitambishia. Ila lilikuwa na mahali pengine pa kupita, na wenye haki ya kupachagua walinyimwa macho. Aliyewanyima ni mimi.

Ile ofisi nilikaa miezi minane zaidi baada ya ile chai, halafu nikaondoka. Msinipe sifa kwa hilo, niliondoka kwa sababu nilipata wateja wangu. Siku hizi nachora nyumba za watu. Ghorofa la mteja mmoja nilimtolea picha ya kutoka uani kwa jirani yake, akaniuliza nani amenituma, akatafuta mchoraji mwingine.

Wadau, nilichojifunza ni hiki, na nakisema hasa kwa mliokuwa mnashangilia zile picha za treni ya juu.

Mkiletewa picha ya kitu kitakachopita juu ya mtaa wenu, msiulize kama ni nzuri. Itakuwa nzuri, kuna mtu kama mimi amekesha akiipendezesha. Ulizeni: aliyeipiga amesimama wapi? Hapo kuna mtu anaishi, au ni angani? Na hii ni saa ngapi? Ombeni ya kutoka mlangoni kwenu, kwa saa mnayokaa hapo. Kompyuta inaweza kuitoa kwa nusu siku. Wakikwambia haikutoka vizuri, usikae chini.

Kwa mchoraji mwenzangu anayesoma hapa: unajua ni folda gani. Bado una nafasi ya kuifungua.

Na sasa lililobaki, ambalo ndilo hasa naomba ushauri wenu.

Mtaani hawajui. Anajua mama yangu, anajua Mama Zaituni, na sasa mnajua ninyi. Wengine wote nikipita Jumapili wananishika mkono. "Huyu ndiyo alichora daraja yetu." Yule baba wa duka la chumvi, aliyeuliza kuhusu depo, ananiambia kila mara kwamba alikuwa mjinga kutaka kutuchelewesha. Nami natabasamu na kupita.

Nisimame niwaambie? Daraja halitasogea hata nikisema. Nyumba tano zilizo kwenye kivuli zitabaki kwenye kivuli, na pengine nitakuwa nimewaongezea hasira tu, na mama yangu nimemvua nguo mbele ya watu walewale aliosimama kunitetea. Yeye nimemuuliza. Amesema, "Ile siku ya mukutano hukuniuliza."

Nimempigia pia Mama Zaituni. Tuliongea habari za mvua, habari za wajukuu. Nilipomuuliza hilo aliniambia habari za dirisha. Akasema kule Sakania nyumba ya bintiye ina dirisha linaloelekea ukuta wa jirani, na kwamba hadarizi. Hakusema zaidi, wala hakunijibu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi msionijua. Semeni mnachofikiri, nasoma yote, hata ya kunitukana.

Ila pole msinipe. Wa kupewa pole yuko Sakania.